Siku Niliyotaka Maji Taka Yapande Mlima

Kuna watu wanaopata aibu ndogo ya kufichika, ya kujikwaa kwenye ngazi au kumwita bosi "mama", lakini yangu mimi ilishuhudiwa na chifu, na akina mama wa kwaya, na malandilodi wote, wenye nyumba za kupangisha, wa upande wa chini wa Kinoo, na punda mmoja aliyebeba mitungi ya maji ambaye nina hakika alisimama makusudi kutazama. Sina la kuficha tena. Juzi tu nilikuwa nanunua mboga kando ya Waiyaki Way, mama nisiyemjua hata kwa sura akaniangalia, akaangalia viatu vyangu, akaniuliza, "Si wewe ndiye yule injinia wa matope?" na nikamwambia ndiyo, ni mimi, nifungie sukuma niende zangu.

Basi wacha niwaambie mwenyewe, maana huko nje inasimuliwa vibaya, wengine wanasema nilizama mpaka shingoni na huo ni uongo. Jina langu ni Wairimu, na kazi yangu, mkiniuliza harusini, nitasema ni "mambo ya maji" na kuomba Mungu msiulize maji gani. Ni maji taka. Nakaa katika afisi moja ndogo ya mainjinia kule Ngara, juu ya duka la jumla la vitambaa, na kutwa nzima nahesabu ni watu wangapi wanaotumia choo katika mtaa fulani, na watakuwa wangapi miaka ishirini ijayo, na wote wakiamka saa kumi na mbili asubuhi wakaoga kwa pamoja (na Nairobi watu wanaoga kwa pamoja, niaminini, nimesimama kwenye mashimo ya mabomba barabarani nikayaona hayo maji yakija), je, bomba litawabeba au litatapika mlangoni pa mtu? Nawahesabia choo hata watoto ambao mama zao bado hawajaolewa. Ukiweka bomba dogo, mji unakua unaliacha nyuma kama viatu vya shule, na kulichimbua tena kulibadilisha ni balaa.

Upande wetu wa magharibi ndio wenye shida. Huko Karen mtu ana shamba zima, shimo lake la choo liko mbali chini ya miti, hamsumbui jirani. Lakini kuanzia Kangemi mpaka Kinoo mashamba yamegeuka ghorofa, ghorofa zimebanana, kila moja ina shimo lake linalojaa kabla mwezi haujaisha, na badala ya kuita lori la kunyonya, kuna malandilodi ambao mvua ikianza tu kunyesha wanafungulia na kila kitu kinateremka mtoni. Ndiyo maana tulipewa kazi ya kupanga laini kuu ya maji taka kufuata bonde lote la Kinoo. Na Kinoo, jameni, ni kwetu.

Nilizaliwa hapo wakati bado kulikuwa na mashamba ya viazi na machimbo ya mawe, na shamba letu lilikuwa linashuka kutoka juu barabarani mpaka mtoni. Leo nusu ya juu ni ghorofa ya kaka yangu, nguo zimeanikwa mpaka kwa paa, na mahali palipokuwa na jiko la mama yetu ni pa kuegesha pikipiki. Ukiniuliza chumba nilicholala utotoni kilikuwa wapi, nitakuonyesha hewani. Kitu kilichobaki ni kipande kimoja chini kabisa kando ya mto, si kikubwa, kama vyumba viwili hivi, ambapo mama alipanda nduma, yale magimbi ya mtoni.

Mama alifariki mwaka juzi. Kabla ya hapo, kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa natoka Ngara, ambako pia nimepanga chumba, naenda kwake katika rumu ya chini ya ile ghorofa ya kaka, nakuta ameshazichemsha, ziko kwa sufuria zimefunikwa na kitambaa cheupe, chai iko kwa chupa, na kila Jumapili alisema maneno yaleyale: "Kula, Wairimu, hizi ni za hapo chini kwetu." Nilikuwa nakula nne, naongezwa ya tano, halafu nabebeshwa nyingine kwa mfuko kana kwamba Ngara kuna njaa. Nimekula nduma za hoteli, nimekula za shereheni, na nilikuwa nawaambia watu bila haya kwamba zote hizo ni mbao, kwamba kama hujala za kwetu, zinazonyweshwa na chemchemi yetu wenyewe pale ukingoni, hujala nduma.

Baada ya mazishi niliendelea kwenda. Kuzila, hapana, sikung'oa hata moja, niliogopa nikianza zitaisha. Nilikuwa nasimama tu pale ukingoni na viatu vyangu vya kanisa, naangalia yale majani mapana yakitikisika, nusu saa, wakati mwingine saa nzima, halafu narudi mjini. (Kaka yangu alidhani nina mpango wa kujenga. Alianza hata kuwa mpole kwangu.) Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimemkosa mama yangu na hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo hapakuwa pamebadilishwa.

Sasa, maji yana tabia moja ambayo haibembelezwi. Laini kuu ya maji taka lazima ipite chini kabisa ya bonde, kando ya mto, kwa sababu hapo ndipo wote walio juu wanaweza kuteremshia bila pampu. Na ukichora mstari kando ya mto wa Kinoo, mstari huo unapita katikati ya nduma za mama yangu, mtaro wa kuchimbwa na mashine, upana wa kupitisha lori. Niliuchora mwenyewe. Bosi wangu Harjit, mzee wa Kisikh mpole aliyezaliwa hapo hapo Ngara na anayekunywa chai yake kwa sosa, kile kisahani cha kikombe, aliupitia akaupitisha, ramani ikapelekwa kubandikwa kwa chifu, barua za kuwaita watu kwa baraza, mkutano wa chifu na wananchi, zikatumwa. Kazi ilikuwa imeisha.

Halafu Ijumaa moja mchana wenzangu wametoka kula, nikafungua ule mchoro kwenye kompyuta, ati nautazama tu mara ya mwisho, na mkono wangu (nasema mkono, kwa sababu kichwa hakikuwepo) ukashika ule mstari mwekundu ukausogeza. Kidogo. Mstari ukaacha mto, ukapanda kidogo, ukazizunguka nduma kwa nyuma, ukarudi mtoni mbele yake. Kwenye kioo ilikuwa tofauti ya urefu wa ukucha. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua kwamba kabla ya kufanya hivyo unatuma watu wakapime ardhi ya pale nyuma kama inashuka au inapanda, lakini mimi sikutuma mtu, nilijiambia napajua, kwani si ndipo tulipokuwa tunateleza na magunia tukiwa watoto, tunaanzia kwa mparachichi tunashuka mbio mpaka chini tukipiga kelele? Panashuka, kwisha maneno. Yaani nilipanga choo cha watu wote wale kwa kutumia kumbukumbu ya makalio yangu. Nikahifadhi, nikafunga kompyuta, nikaenda kula chapati.

Baraza lilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, katika ukumbi wa kanisa. Nilivaa suti ya rangi ya maziwa. (Ndiyo, najua. Wewe wacha tu.) Nilitaka watu waliomzika mama yangu waone mtoto wake amekuwa mtu. Chifu akafungua kwa maombi, akaongea kwa muda mrefu kuhusu usafi, kisha akaniita mbele, "binti yetu wa hapa hapa", na nikapigiwa makofi. Nikawasha projekta. Niliwaambia jinsi Kinoo itakavyojaa, niliwaambia kuhusu saa kumi na mbili asubuhi, wakacheka, niliwaambia siku moja hakuna mtu atakayefunga pua akivuka daraja, wakapiga makofi tena, na mimi nilikuwa nimechangamka kabisa nilipoweka ile picha ya mwisho, Kinoo ikionekana kutoka juu na mstari wangu mwekundu ukiteremka bondeni.

Mama Shiko akasimama. Huyu alikuwa rafiki ya mama yangu tangu wakiwa wasichana, mjane, shamba lake limepakana na letu kule chini. Ana rumu sita za mawe alizojenga moja moja kwa miaka mingi, moja analala yeye, tano anapangisha, na hizo ndizo zinazomlisha. Hakuniita injinia.

"Wairimu," alisema, "hiyo kamba nyekundu si imepita kwa kitanda yangu?"

Watu wakacheka. Nikageuka kutazama ukutani, na woiye, ni kweli. Nilipousogeza mstari ule afisini niliona vimraba vitano sita vya kijivu, na haki ya Mungu sikujiuliza ni vya nani. Nilikuwa nimemzungushia mama yangu bomba la maji taka nikalipitisha katikati ya nyumba ya rafiki yake.

"Lakini injinia," akaingilia chifu, "ile ramani iko kwa ukuta yangu ilikuwa inapitia chini, kwa mto."

Hapo ningesema samahani, ni kosa, ingekuwa aibu ya dakika mbili na chai ingeletwa. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema kwamba ile ilikuwa ramani ya zamani, tumeiboresha. Akauliza imeboreshwa kwa nini. Nikasema ni sababu za kitaalamu. Mama Shiko akauliza ni sababu gani hizo za kitaalamu zinazotaka kitanda yake. Nami, macho yote yakiwa kwangu, nikasema kwa Kiswahili kile cha redioni ambacho mimi hukitumia nikidanganya tu, "Uchunguzi umebaini kwamba eneo la nyuma lina mteremko bora zaidi."

"Pole kukukatiza, injinia." Alikuwa ni Fundi Karanja, mzee aliyejenga karibu kila ukuta wa Kinoo, pamoja na rumu za Mama Shiko. Alisimama polepole akiwa ameshika kofia. "Hapo nyuma ndio unasema kunashuka?"

"Ndiyo, mzee."

"Hapo ndio tulimwaga mchanga yote ya msingi ya hizo ghorofa. Malori na malori. Hapo siku hizi kunapanda, mama. Sasa hiyo maji taka itapanda hiyo mlima na nini? Na ngazi?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Nikasema kwa haraka kwamba tutachimba kina kirefu. Akasema chini ni jiwe tupu, amevunja mawe ya Kinoo tangu akiwa kijana na ananiombea heri. Chifu alikuwa anafuta macho. Na mimi, badala ya kukaa chini, nikaona hasira zimenipanda, ati mimi na digrii yangu nifundishwe mteremko na mtu wa mwiko, na nikasema, mbele ya wote, maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nikiwa naoga napiga ukuta kofi: "Twendeni tukapime!"

Basi tukaenda. Sote. Ukumbi mzima ukamwagika nje, na kwaya ya akina mama waliokuwa wanafanya mazoezi kwenye kivuli chembamba cha kanisa ikaacha wimbo katikati ikatufuata, na tukateremka ile njia ya mtoni, mimi mbele na viatu vya visigino, nikiwa bado na hasira. Fundi Karanja alipitia kwake akachukua ule mpira mrefu mwembamba unaoonekana ndani, ambao mafundi hujaza maji kupimia usawa wa msingi. Kama hujawahi kuuona, ni rahisi kabisa: mmoja anashika ncha hii, mwingine ncha ile, na maji kwenye ncha zote mbili yanasimama kimo kimoja, hata muwe mbali vipi. Kwa hivyo aliyesimama mahali pa chini atayaona yamemfika kifuani, na aliyesimama mahali pa juu atayaona yako huku kwa magoti. Hauna betri, haukosei.

Fundi akasimama pale kando ya mto ambapo mstari wangu ulianza kupinda. Mimi nikapanda nyuma ya rumu za Mama Shiko, ambapo maji taka yalitakiwa kufika baada ya pale. Palikuwa na mparachichi, sawa, lakini ulikuwa umezikwa na udongo mpaka katikati ya shina. Nilisimama hapo na ncha yangu ya mpira, na kabla sijaangalia maji nilikuwa nimeshajua, kwa sababu kutoka hapo nilikuwa namwona Fundi kwa utosi.

"Yangu imesimama kwa kifua!" akapaza sauti. "Yako, injinia?"

Yangu yalikuwa chini ya magoti.

"Ngoja yatulie!" nikajibu.

Watu wote walikuwa wamesimama katikati, wananiangalia mimi, wanamwangalia yeye, kimya kama wako kwa penalti. Nikarudi nyuma hatua moja, ati natafuta mahali pazuri pa kukanyaga. Nyuma yangu palikuwa panateremka kuelekea mtoni, na nilipoteremka ile hatua moja, maji ndani ya mpira yakapanda kidogo mbele ya macho yangu. Lo! Nikarudi nyingine. Yakafika mapajani. Sikuwaza kwamba mtu yeyote angegundua, kwa kweli sikuwaza kitu, nilikuwa nimekazia macho yale maji tu, nataka yapande, nikirudi kinyumenyume hatua kwa hatua, nikisema kwa sauti, "Bado yanatulia, bado yanatulia," kiunoni, chini ya kifua, nikasikia mtu akisema "huyu anaenda wapi?" nikarudi tena, ardhi ikawa laini, nikarudi tena, kisigino kikazama, na mguu ukakifuata kisigino, na mguu wa pili ukaufuata wa kwanza, na nikashuka mpaka mapajani kwenye matope nikiwa bado nimeinua ule mpira juu kama mshumaa, na maji ndani yake yakapita kifua yakafika shingoni, na nikapiga kelele kwa furaha kabisa:

"Sasa! Sasa iko sawa! Hapa inashuka!"

Halafu Fundi Karanja, bila hata kucheka, maskini, akajibu kutoka kule alikokuwa, "Hapo sasa, injinia! Hapo ndio ramani ya kwanza ilikuwa inapita!"

Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Majani mapana yalikuwa yamenizunguka mpaka mabegani. Nilikuwa nimesimama katikati ya nduma za mama yangu, nimepima kwa mikono yangu, mbele ya chifu na mashahidi, na kuthibitisha kwamba hakuna mahali pengine popote.

Kicheko kilichotoka hapo nadhani walikisikia Kikuyu mjini. Nilijaribu kutoka, nikazidi kuzama. Suti ya maziwa ikawa suti ya kahawa. Akina mama wa kwaya wakashuka, wawili mkono huu, wawili mkono ule, mwalimu wao akiwahesabia "moja, mbili, vuta!" lakini wakifika "vuta" wanacheka wanaishiwa nguvu, na ikabidi waanze upya mara tatu. Lakini nitawaambia kitu ambacho hao wanaosimulia huko nje hawakijui. Wakati wanahangaika kunivuta, mimi nilikuwa nimenyamaza, na si kwa aibu. Nilikuwa nanusa. Yale matope yaliyokuwa yamechimbuliwa na miguu yangu nilikuwa nayajua, ndiyo kazi yangu, naijua hiyo harufu kuliko marashi yangu mwenyewe. Haikuwa harufu ya chemchemi. Ilikuwa choo, tena si cha jana, ni choo cha miaka. Na mimi nilikuwa nimesimama pale ukingoni kila Jumapili na sikunusa kitu, au nilinusa nikasema ni mto.

Nilitoka na kiatu kimoja. Mama Shiko ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwake, yule yule niliyetaka kumbomolea nyumba, akanikalisha kwa kigoda nyuma ya rumu zake, akaleta beseni na sabuni ya kipande, akaanza kuniosha miguu kama mtoto. Nikamwambia nisamehe. Akasema nyamaza kwanza niondoe hii kwa kidole.

"Mama Shiko," nikasema, "sikutaka kukutoa kwako. Nilitaka tu zile nduma zibaki. Ni kitu pekee cha mama nilichobaki nacho. Jumapili zote zile alinipikia kutoka hapo."

Aliacha kusugua.

"Wairimu," akasema, "hizo za kukupikia tulikuwa tunanunua Wangige."

Nikamwambia hapana.

"Tulikuwa tunaenda sokoni mimi na yeye. Wakati miguu ilianza kumsumbua akawa ananituma. Hizi za huku aliwacha kula kitambo, kutoka wakati ghorofa ya kwanza ilikuja. Choo ilikuwa inatoka kwa ukingo, inaingia kwa ile chemchemi. Alilia hiyo siku, mimi nilikuwa na yeye. Halafu akaniambia nisikuambie."

"Kwa nini asiniambie? Mimi? Si hiyo ndiyo kazi yangu?"

"Alisema, 'Huyo mtoto akijua hakuna nduma, hatakuwa anakuja.'" Akaanza kusugua tena, polepole. "Na hiyo laini yenu alikuwa anaingojea sana. Kila wiki alikuwa anasema, leo nitamuuliza itakuja lini. Ukija, anaona unakula vizuri, anasema wacha nisimharibie chakula."

Sijui nililia kwa muda gani. Nililia mpaka wapangaji wake wawili wakatoka kuangalia, wakadhani nalilia suti. Nilikuwa nimezihesabia choo familia ambazo hazijazaliwa, na mama yangu mwenyewe alikuwa amekaa juu ya choo cha watu akinichemshia nduma za soko na kuzifunika na kitambaa cheupe. Na kinachoniuma zaidi ya yote ni kwamba ningependa kuwaambia hakuwa na haja ya kudanganya, kwamba ningekuja hata kwa chai tupu. Ningependa sana kusema hivyo. Lakini zile Jumapili za mvua, nikiwa Ngara chini ya blanketi najiuliza niende au nisiende, mimi najua ni nini kilikuwa kinanitoa kitandani.

Jumatatu nikamweleza Harjit kila kitu, kuanzia kwa mkono na kompyuta mpaka kwa kwaya. Nilidhani atanifukuza. Akamimina chai kwa sosa, akapuliza, akasema, "Nyumba ya baba yangu ilikuwa pale iko stage ya magari sasa. Mimi napita pale kila siku, naangalia kidogo, halafu nakuja kazini. Weka laini mahali yake, Wairimu." Hajawahi kunikumbusha tena.

Nikaurudisha mstari mtoni. Nilimwomba chifu baraza lingine fupi, nikasimama mbele ya watu wale wale na viatu vya chini, nikasema nilidanganya, hapakuwa na uchunguzi wowote, ni mimi nilikuwa nimemkosa mama yangu, na hakuna aliyecheka, hata wale niliotamani wacheke ili tumalize. Kaka yangu na mimi tukatia sahihi laini ipite kwetu. Kabla ya mashine kuja nilienda na jembe na gambuti nikazing'oa nduma zote mwenyewe, mchana kutwa, zilikuwa kubwa ajabu, na nikazizika, kwa sababu zile si za kumpa mtu. Mtaro ukachimbwa, mabomba yakalazwa, na ukipita hapo leo utaona udongo mtupu na mfuniko mmoja wa saruji.

Kwa hivyo msiniulize kama nilijifunza. Nimeapa sitasogeza tena mstari hata kwa upana wa unywele bila kwenda kukanyaga ardhi mwenyewe na kubisha hodi kwa kila kimraba cha kijivu kujua ni nani analala humo. Hicho ni kiapo cha kazi, na hicho si kigumu. Kuna kingine. Kila Jumapili bado natoka Ngara nakuja Kinoo, mvua au jua, nakaa kwa kile kigoda nyuma ya rumu, tunaongea mpaka jua linapungua, na siku ya kwanza kabisa nilimwambia Mama Shiko asinipikie chochote.